Nyumba Iliyoandikwa Kimya

Maktaba niliyofanyia kazi Mtwara ilikuwa ndani ya nyumba iliyojengwa ili ikaliwe na familia. Ilikuwa na baraza pana mbele, mlango wa mbao uliofunguliwa asubuhi na kufungwa jioni, ukumbi, na nyuma ya ukumbi chumba kikubwa ambamo zamani watu walilala na siku hizo vitabu vilisimama. Mpangilio huo unahusika sana na habari hii, kwa hiyo ni vyema niueleze kwa ukamilifu. Meza ya kuazimia vitabu iliwekwa katika chumba cha ndani, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na madirisha makubwa. Ukumbini palikuwa na meza ndefu ya magazeti na viti vyake. Mtu aliyesimama barazani hakuweza kumwona mtumishi yeyote, wala mtumishi aliyekaa mezani hakuweza kumwona mtu wa barazani. Juu ya mlango, upande wa nje, palipigiliwa ubao mweupe wenye neno moja kwa herufi kubwa nyeusi: KIMYA.

Ubao huo ulikuwa fahari ya mkutubi mkuu. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mpole na msomi, aliyefundishwa ukutubi katika nchi za baridi, akarudi na imani kwamba utulivu ndio nusu ya elimu. Alivaa viatu vya raba ili nyayo zake zisimsumbue msomaji, na hata siku ambazo msomaji hakuwepo alitembea kwa kunyata, kwa heshima ya yule ambaye angeweza kutokea.

Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilitoka Bukoba nikapangiwa Mtwara, kama walivyopangiwa walimu, makarani na watu wa bandari niliopakana nao, kila mmoja mbali na kwao, kwa kuwa siku zile nchi ilitaka watu wake wajuane. Baba alipofariki nilimchukua mama aje kuishi nami. Alisafiri kwa meli ya ziwani, akapanda treni, akapanda tena meli ya baharini, akafika na kikapu cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa shida yake. Siku za mwanzo alikiweka kikapu karibu na mlango. Hakuja mgeni, kwa sababu sikuwa na jamaa pale, na majirani waliopita walimsalimia kwa Kiswahili ambacho hakukijua. Kiswahili chake kilikuwa karibu, asante, na bei gani.

Kwetu mama alikuwa mtu wa shamba. Alikuwa akiamka kabla ya jua, akipalilia migomba, akikata mikungu, akichota maji bondeni. Katika nyumba ya serikali niliyopewa mimi palikuwa na kiwanja cha mchanga na mpapai mmoja, na maji yalitoka bombani. Basi aliketi. Ugali wa muhogo aliula kwa adabu tu, akarudi kuketi. Miezi ikapita, magoti yakaanza kukakamaa, na hatimaye hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Nilimpeleka zahanati. Mganga, kijana mwenye bidii na maneno machache, alimpima kwa makini, akaniambia mifupa ni mizima na moyo ni mzima, lakini miguu isiyotumika hujifunza kutotumika. Akikaa hivyo mpaka mvua za mwisho wa mwaka, alisema, isitarajiwe kwamba itanyooka tena. Dawa ilikuwa moja, nayo ni kutembea.

Nilimfikishia mama maneno hayo kwa Kihaya, neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nitembee niende wapi?" akaniuliza.



Mganga huyohuyo ndiye aliyeleta wazo la Saa ya Wazee. Alilalamika kwa mkutubi mkuu kwamba wazee walitoka zahanati na dawa mkononi bila kuelewa namna ya kuzitumia, na kwamba vijitabu vya afya vilivyoletwa kwa ajili ya elimu ya watu wazima vilikuwa vikisomwa na vijana wasioumwa. Mkutubi aliliona jambo hilo kuwa la haki. Wakakubaliana kwamba kila Jumatano asubuhi maktaba iwapokee wazee, wasomewe vijitabu kwa sauti, na mganga awepo kujibu maswali. Sauti ilikuwa sadaka kubwa kwa mkutubi, naye aliitoa bila kinyongo. Tangazo lilipita kwa mabalozi wa nyumba kumi kumi, likatolewa msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani baada ya ibada ya Jumapili.

Jumatano ilipofika tulipanga viti, mganga akaja na mkoba wake, na hakutokea mtu. Jumatano iliyofuata ikawa vilevile. Mkutubi alivirudisha viti mahali pake kimoja kimoja, akasema kwa upole kwamba pengine wazee wa huku hawana haja na vitabu, na kwamba tutajaribu mara moja tena, kisha mganga aachwe na wagonjwa wake.

Asubuhi ya mara hiyo ya mwisho, msichana aliyekuwa akishinda na mama alikuwa amekwenda kwao kuokota korosho. Sikuwa na wa kumwachia. Niliomba ruhusa, nikamketisha mama kwenye kibao cha nyuma cha baiskeli, miguu upande mmoja, nikaisukuma polepole hadi maktaba huku akinishika bega na kuyatazama maduka kama mkaguzi. Nilimweka ukumbini, kwenye kiti chenye mikono, karibu na mlango ambako kulikuwa na upepo. Alikuwa na kikapu chake mapajani, hakukubali kukiacha. Kisha nikaingia chumba cha ndani, alikokuwa mkutubi, na mganga akiitazama saa yake.

Hatukusikia hodi. Tulichosikia ni sauti ya mama, sauti niliyokuwa sijaisikia tangu Bukoba, ile ya kumwita mtu aliye upande wa pili wa shamba la migomba.

"Karibu!"

Mkutubi alibaki na kitabu mkononi, hakukirudisha rafuni wala hakukishusha. Nikatoka mbio kwenda kumwomba mama anyamaze, nikakuta mlangoni amesimama mzee mwenye kofia nyeupe, na nyuma yake bibi mrefu mwenye chale za Kimakonde usoni, na nyuma yao baraza nzima imejaa wazee, wengine wameegemea fimbo, wengine wamekaa ukingoni kupumzika.

"Leo wenyewe mmeamka, mwanangu?" mzee akaniuliza.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza kama walikuwa wamewahi kufika. Akanieleza kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kutoa taarifa. Alikuwa Mmakua, mstaafu wa bandarini. Walifika Jumatano ya kwanza, wakabisha hodi mara tatu, kama adabu inavyotaka, na si kwa kelele, kwa kuwa nyumba ilionekana ya watu wenye heshima. Hawakujibiwa, wakaondoka. Jumatano ya pili wakaja tena. Nikamuuliza kwa nini hawakuingia, maana mlango ulikuwa wazi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakupitia dirishani.

"Mlango kuwa wazi ndiyo nini? Hata kwangu uko wazi."

Yeye alijua kusoma. Alijifunzia bandarini kwenye maandishi ya makasha. Mara ya pili, wenzake walipotaka kuendelea kubisha, aliinua macho akauona ubao, akawasomea.

"Nikawaambia, jamani, wenyewe wameandika. Kimya. Maana yake hodi ya hapa haijibiwi. Twendeni zetu."

"Na mimi nikasema wasomi hawa wana roho ngumu," bibi akaongeza. Alikuwa wa familia zilizovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, akalima miaka mingi karibu na Kilambo kabla ya kuja mjini kwa wajukuu, na mara nyingine herufi ya em ilimgeukia en mdomoni. "Ntu anakualika, halafu anakuandikia kwamba hatakujibu. Leo tumekuja kuaga tu, isije ikasemwa hatukuja."

Mkutubi alikuwa amefika nyuma yangu, na viatu vyake vya raba havikumtangaza. Aliyasikia yote. Aliinua macho kuutazama ubao wake kama mtu anayesoma neno hilo kwa mara ya kwanza, na nadhani ndivyo ilivyokuwa. Kisha akainama kidogo akasema karibuni, kwa ile sauti yake ya maktaba.

"Anasema nini huyu?" bibi akamuuliza mzee.

Wakati huo mama alikuwa ameshaanza shughuli yake. Kwetu mwanamke hamsalimii mtu aliyemzidi umri akiwa ameketi, hupiga magoti. Tangu afike Mtwara hakuwa amepata mtu wa kumpigia magoti. Sasa aliwaona wakubwa zake wakiingia mlangoni, akashika mikono ya kiti, akajisukuma, akainuka nusu, akatetemeka, na kabla sijamfikia akashuka magotini mbele ya bibi, akamsalimia kwa Kihaya, salamu nzima, ile ndefu. Bibi hakuelewa neno, lakini alielewa kila kitu. Alimgusa mama bega akaitikia kwa Kimakonde, nayo ilikuwa ndefu vilevile.

Kisha mama akashindwa kuinuka. Mzee wa bandarini akamshika mkono mmoja, bibi akamshika mkono wa pili, mimi kiunoni, tukamrudisha kitini tukiwa tunahema wote.

"Dada," bibi akamwambia, akijipepea na ncha ya kanga, "kama salamu yenu ndiyo hii, utakufa na adabu yako."

Nilimfasiria maneno hayo. Mama akacheka, naye hakuwa amecheka tangu msiba. Mzee mwingine alipoingia, mama akashika tena mikono ya kiti. Nilitaka kumzuia, nikasikia mganga akisema nyuma yangu: "Mwache. Hiyo ndiyo dawa niliyoshindwa kuiandika."

Somo la siku hiyo lilikuwa la maji ya kunywa, na sidhani kama lilifika mbali, kwa sababu palizuka hoja nyingine iliyowavutia zaidi: nani mkubwa. Bibi hakuona haki mama apige magoti bila kujua anampigia nani. Zahanati haikuwa na msaada katika hilo, kwa kuwa kadi za wote zilikuwa na umri mmoja, mtu mzima. Mkutubi, aliyekuwa akitafuta namna ya kuwa na manufaa, akaenda ndani kwa kunyata akarudi na kitabu cha historia chenye ramani, akawafungulia mahali palipoelezwa vita ya Wajerumani na Waingereza ilivyoshuka hadi Ruvuma. Hapo hapakuwa tena na haja ya kusoma. Mzee wa bandarini alisema vita hiyo ilimkuta anaweza kubeba mzigo, na kwamba aliubeba. Bibi akasema ilimkuta ana mtoto mgongoni, na kwamba mzigo huo ulikuwa mzito kuliko wa Mmakua yeyote. Mama, kwa kupitia kwangu, alisema ilimkuta mdogo, akifichwa na mama yake migombani askari walipopita. Hukumu ikawa wazi. Katika ukumbi ule mama alikuwa mdogo wa wote, na salamu ilimhusu kwa kila mmoja aliyeingia.

Jumatano iliyofuata nilipofika na baiskeli na abiria wangu, ubao ulikuwa haupo juu ya mlango. Mkutubi alikuwa ameupigilia upya juu ya mlango wa chumba cha ndani, ambako wasomaji walikaa kweli na ambako hapabishwi hodi. Alimngoja mama barazani, akamsalimia, akaniomba nimfasirie kwamba maktaba ilikuwa na upungufu wa mtumishi wa kujibu hodi, na kwamba ingekuwa heshima kubwa kama angeikubali kazi hiyo. Alilisema bila tabasamu, kwa namna ile alivyosema mambo ya kazi. Mama akauliza kama watapita wengi. Nikasema inaelekea hivyo. Akaomba kiti chake kisogezwe mbele zaidi.

Na walipita wengi. Habari ilienea kwamba nyumba ile sasa inajibu, na ndani yake yupo mama mmoja wa mbali anayekupokea kwa magoti na kukupa kahawa ya kutafuna. Baadhi waliitema barazani kwa siri. Mzee wa bandarini aliizoea akawa anadai yake. Tulisoma kijitabu cha vyakula, tukafika mahali panaposema mwenye presha apunguze chumvi. Mzee akauliza kama ng'onda, yule wa kukaushwa na chumvi, anahesabiwa kuwa samaki au chumvi, mganga akasema kwa bahati mbaya ni vyote viwili, ukumbi ukaingia huzuni ya kweli. Siku nyingine ikagundulika kwamba mzee huyohuyo alikuwa akimeza vidonge vyake vya kutwa mara tatu vyote alfajiri, akimaliza kazi ya siku mapema kama ilivyokuwa desturi ya bandarini meli ikisubiri. Mganga alimwomba, karibu kwa machozi, akubali kufanya zamu.

Wamakua na Wamakonde ni watani, na hilo lilitufaa kuliko kijitabu chochote, kwa kuwa aliyekosa Jumatano moja alijua atakavyozungumzwa.

"Mmakonde ukimwalika saa tatu anakuja saa tano," mzee alisema bibi alipochelewa, "anasubiri sufuria ichemke."

"Na Mmakua haji kabisa mpaka asikie harufu," bibi akamjibu, akijitafutia kiti. "Wewe uko hapa tangu saa ngapi?"

Mama alitaka kujua wanagombana nini. Nilimweleza kwamba hawagombani. Akasikitika kwamba yeye hana mtani pwani nzima, na nilipolitaja jambo hilo, mzee akajitolea palepale. Bibi akakataa.

"Huyu atakuwa wangu. Wewe unao watani wa kutosha, na hakuna anayekutaka."

Tangu siku hiyo bibi alianza kumpitia mama nyumbani katikati ya wiki, kumfundisha Kiswahili kilichojaa Kimakonde na kumtukana kwa mapenzi. Mama alijifunza kujibu. Alianza pia kuinuka kitini peke yake, kwanza akishika meza, baadaye akishika ukuta, na mlangoni mwa maktaba alipiga magoti na kuinuka akisukuma kiti kwa mkono mmoja tu. Lakini mkono huo haukuachia. Mganga alikuwa akiutazama, nami nilikuwa nikilitazama anga, maana mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa bahari na mchana ulikuwa na joto zito la kabla ya mvua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano kama nyingine. Aliletwa mzee sana kutoka Msimbati, aliyekuja mjini kwa ajili ya macho yake, akishikwa na mjukuu wake wa kike. Alisimama barazani akabisha hodi kwa sauti iliyokatika katikati. Mama akamkaribisha, na kwa kuwa hakuwa ameona mtu mkongwe kiasi hicho tangu aondoke kwao, aliondoka kitini haraka, akamwendea hatua kadhaa mbali na kiti, meza na ukuta, akapiga magoti sakafuni, akamsalimia, akainuka, akampa kahawa. Nilikuwa nikisoma kwa sauti habari za malaria na nikaendelea kusoma. Bibi ndiye aliyeona.

"Nyamaza kwanza," akaniambia. "Mmemwona huyu?"

Hakuna aliyekuwa amemwona. Mganga aliacha mkoba wake akauliza alishika nini alipoinuka. Bibi akasema hakushika kitu. Mzee wa bandarini akasema Wamakonde huona wanachotaka. Basi bibi akainuka, akatoka hadi barazani, akageuka, akakohoa.

"Hodi," akasema.

"Karibu," mama akajibu, ukumbi mzima umegeuka kumtazama.

Bibi aliingia kwa mwendo wa malkia. Mama akamwendea, akashuka magotini, mikono yote miwili ikiwa imekutanishwa kifuani kama inavyotakiwa, akasalimia bila kufupisha, akainuka. Alitulia kidogo katikati ya kuinuka, nami nilijizuia kwa nguvu nisimwendee. Kisha akasimama wima.

Mzee wa bandarini akatangaza kwamba hawezi kutoa ushahidi wa jambo alilofanyiwa mtu mwingine, akatoka nje naye akabisha hodi. Akapokewa vivyo hivyo. Mwingine akachukua fimbo yake aelekee mlangoni, na mwingine nyuma yake, mpaka mganga akasimama mbele yao amenyoosha mikono.

"Basi jamani, msimmalize," akasema. Na alipoinama kumpapasa mama magoti, alichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akainuka akapenga kamasi, akasema yako sawa.

Mkutubi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha ndani, chini ya ubao wake. Wazee walikuwa wakipiga makofi, na msomaji mmoja wa ndani alitoa kichwa kulalamika. Mkutubi alimwomba radhi, akamwomba pia avumilie, akaufunga mlango polepole akabaki upande wetu.

Saa ya Wazee ilipokwisha nilikwenda nyuma kuchukua baiskeli. Niliporudi mbele kiti kilikuwa kitupu. Nikawaona barabarani, mama na bibi wakienda nyumbani kwa miguu, bibi akitaja kila kitu walichopita na mama akikirudia kwa Kimakonde, akidhani ni Kiswahili. Nikaisukuma baiskeli nyuma yao.

Mvua zilianza wiki hiyohiyo. Mama aliishi nami Mtwara miaka mingine mingi, akitembea kwa miguu yake, na kila Jumatano alikwenda maktaba kujibu hodi mpaka nilipopewa uhamisho, tukarudi naye Bukoba.